Sehemu Gani Ilikupendeza?

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa niwe mmoja wa waamuzi watano katika mashindano madogo ya filamu fupi za vijana. Hayakuwa mashindano ya kutangazwa redioni. Zawadi ilikuwa kamera moja na cheti, na ukumbi wenyewe ulikuwa darasa lililozibwa madirisha kwa mashuka ili kiza kipatikane. Filamu zilikuwa kumi na moja. Kumi zilitengenezwa na vijana wa kiume na moja na msichana. Hesabu hiyo ilinikaa kichwani tangu asubuhi. Tulipoketi kutoa uamuzi nilisimama nikawahutubia wenzangu kwa muda usiopungua robo saa: kwamba mwanamke amenyimwa kamera kwa zaidi ya miaka mia, kwamba sisi wazee tuna deni, na kwamba siku ile tumeletewa nafasi ya kulilipa. Nakiri kwamba nilifurahia kujisikiliza. Waamuzi wawili waliokuwa wakishikilia filamu ya kijana mmoja, iliyohusu baba yake mvuvi, walilegea. Msichana akapewa kamera.

Wiki mbili baadaye tulikutana njiani.

"Shikamoo mzee," akaniambia. "Nimesikia ni wewe uliyenipigania."

"Marahaba, mwanangu," nikajibu, nami nikasimama kama mtu anayengoja shukrani.

Akaniuliza, wala hapakuwa na hila katika sauti yake, "Sehemu gani ilikupendeza?"

Nikasema ulinipendeza ujasiri. Akauliza ujasiri upi. Nikasema ule wa filamu nzima kwa jumla. Akanitazama kidogo, akasema, "Ahsante mzee," akaenda zake. Filamu yake ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Kwenye dakika ya saba hivi mimi nilikuwa nimetoka nje, nikizungumza na mtu juu ya mabati ya paa langu, na niliporudi majina ya wahusika yalikuwa yanapita.

Tangu siku ile, kila unapowadia msimu wa tuzo za sinema, swali hilo hunirudia. Msimu huo, kwa wasioufuatilia, huanza huko Marekani mwishoni mwa mwaka na kufikia kilele chake kwa Tuzo za Oscar, ambazo zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1929. Ndio wakati ambapo watu huuliza: wanawake wako wapi? Hapana shaka swali hili ni la haki. Tangu 1929 hadi sherehe ya 2025, wanawake walioteuliwa kuwania tuzo ya mwongozaji bora walikuwa tisa tu. Wa kwanza, Lina Wertmüller wa Italia, aliteuliwa mwaka 1977, yaani karibu nusu karne baada ya tuzo kuanza. Walioshinda ni watatu: Kathryn Bigelow mwaka 2010, Chloé Zhao mwaka 2021 na Jane Campion mwaka 2022. Wala tusiseme kwamba wanawake walichelewa kuijua kazi yenyewe, maana Alice Guy alikuwa akiongoza filamu huko Ufaransa mwaka 1896, wakati sinema ingali kitoto kinachotambaa.

Na tusiwacheke Wamarekani peke yao. Tamasha kubwa la filamu za Afrika, FESPACO, lilianza Ouagadougou mwaka 1969. Zawadi yake ya juu, iliyotolewa kwanza mwaka 1972, ni sanamu ya farasi dume wa Yennenga. Huyo Yennenga, katika masimulizi ya Wamosi, alikuwa binti mfalme, mpanda farasi na mpiganaji wa vita. Hadi tamasha la 2025, farasi wa dhahabu wa binti huyo alikuwa hajapata kuchukuliwa na mwongozaji mwanamke hata mmoja. Apolline Traoré, mwenyeji wa huko huko Burkina Faso, alimpata yule wa fedha mwaka 2023 kwa filamu yake *Sira*. Nadhani Yennenga angecheka, au angetaka arudishiwe farasi wake.

Rafiki yangu mmoja, mtu mwadilifu na mkaidi, huniambia kila tunapojadili jambo hili: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Filamu nzuri, asema, itashinda yenyewe. Ukimpigia mtu debe kwa sababu ya jinsia yake unamtia doa, kwa kuwa daima watu watasema alipewa. Nimelifikiria neno hili kwa muda mrefu kwa sababu linakaribia kuwa kweli. Lakini methali hiyo haijawahi kufika Hollywood. Huko kizuri hutembezwa kuliko kibaya. Kampuni za filamu hutumia fedha nyingi kuwafikia wapiga kura: huwaandalia maonyesho maalumu, huwakutanisha na waigizaji, hulipia matangazo katika magazeti ya biashara hiyo, na kwa miaka mingi ziliwapelekea kanda na diski majumbani mwao. Tena wanaoteua waongozaji ni waongozaji wenzao, na wengi wao tangu zamani ni wanaume. Filamu isiyo na wa kuitembeza hukaa nyumbani kama mwari asiye na somo. Basi anayempigania mwanamke katika msimu huo hajaingiza upendeleo mahali palipokuwa na mizani sawa. Amekwenda kushika upande wa mizani ambao haukuwa na mtu.

Hadi hapo rafiki yangu hunyamaza. Mimi ndiye nisiyenyamaza, kwa sababu najua pana jambo lililobaki.

Mwezi Januari 2018, katika sherehe ya Golden Globe, mwigizaji Natalie Portman alipanda jukwaani kutangaza waliokuwa wakiwania tuzo ya uongozaji. Kabla ya kuwasoma, alitaja waziwazi kwamba wote walikuwa wanaume. Greta Gerwig, ambaye filamu yake *Lady Bird* ilisifiwa sana mwaka ule, hakuwamo. Ukumbi ulishtuka, na wengi tulishangilia. Lakini aliyeshinda usiku ule alikuwa Guillermo del Toro wa Mexico, kwa filamu iitwayo *The Shape of Water*. Huyu ni mtu aliyetumia maisha yake kuyatengenezea madubwana filamu zenye huruma, na filamu yake ile ilihusu mwanamke bubu anayefanya usafi, mtu ambaye hakuna anayemtazama mara mbili. Je, alidhulumiwa kwa neno lile? Nadhani hakudhulumiwa, maana tuzo aliipata na miezi miwili baadaye akapata na Oscar, safari hii Gerwig akiwa miongoni mwa walioteuliwa. Ila nashuku kwamba furaha yake ilitiwa tone la ndimu, na tone hilo halikuwa lake kulinywa. Aliyekosea ni aliyeteua, lakini aliyeketi pale mbele ya kamera za dunia ni aliyeteuliwa. Namkumbuka yule mtoto wa mvuvi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2020, waongozaji walioteuliwa kwa Oscar walikuwa tena wanaume watupu. Portman alikuja amevaa joho jeusi lililotariziwa kwa uzi wa dhahabu majina ya waongozaji wanawake walioachwa: Gerwig tena, Lulu Wang, Mati Diop ambaye filamu yake *Atlantics* ilipigwa Dakar, na wengineo. Nilipomweleza mke wangu habari hii alielewa upesi kuliko mimi, maana watu wa pwani tumezoea nguo inayosema. Kanga humfikishia jirani neno ambalo mdomo haukuthubutu. Hata hivyo mke wangu aliuliza swali la mtu anayejua kanga: "Na hao aliowavaa, yeye mwenyewe amepata kuwapa kazi?" Hakuwa peke yake kuuliza. Mwigizaji mwenziwe Portman alimshambulia hadharani kwa jambo hilo hilo, kwamba kampuni yake ya utayarishaji haikuwa na rekodi ya kuwaajiri waongozaji wanawake. Portman, kwa heshima yake, alikubali kwamba neno "shujaa" halikuwa linamfaa.

Mimi simcheki. Joho lile angalau lilikuwa na majina, na jina humfanya mtu akaitafute filamu. Hotuba yangu ya robo saa haikuwa na hata jina la filamu ndani yake. Nilisema "mwanamke" labda mara ishirini, na mwanamke niliyekuwa nikimsema alikuwa ameketi nje, kwenye benchi, na kazi yake ya miezi mitatu.

Hapo ndipo ninapoona kosa lenyewe. Mtu anapotengeneza filamu anachagua: kamera ikae hapa isikae pale, mlango ufunguke au ubaki umefungwa, bibi aseme au anyamaze. Anayemsifu kwa kuwa mwanamke amemsifu kwa jambo pekee ambalo hakulichagua. Bigelow alishinda mwaka 2010 kwa *The Hurt Locker*, filamu ya wanaume wanaotegua mabomu huko Iraq, iliyotengenezwa kwa mkono usiotetemeka. Lakini maneno mengi ya msimu ule yalihusu kwamba alikuwa akishindana na James Cameron, mtu aliyewahi kuwa mume wake. Hata katika ushindi wake wa kihistoria palikuwa na watu waliotoka nje dakika ya saba.

Ilinishangaza, basi, kusoma kwamba mwezi Aprili 2025 chuo kinachotoa Oscar kilipitisha kanuni mpya: mwanachama asipige kura ya mwisho katika fungu lolote kabla hajazitazama filamu zote zilizoteuliwa katika fungu hilo. Kanuni hii ilikusudiwa kuanza na tuzo za 2026. Nilisoma mara mbili. Maana yake ni kwamba tangu 1929 mtu aliweza kabisa kuhukumu asichokiona, naye akalala usingizi. Zote zile kampeni, matangazo, karamu, na ile hasira yetu ya haki kwa niaba ya walioachwa, zilikuwa zikielekezwa kwa watu ambao hawakulazimika kutazama. Sijui kama kuna njia ya hakika ya kumkamata mtu aliyeiacha filamu ikicheza huku yeye akizungumza juu ya mabati. Lakini kanuni hii imeligusa jeraha mahali lilipo. Asiyetazamwa hudhulumiwa na anayempinga, na anaweza kudhulumiwa vile vile na anayemtetea.

Kwetu Tanzania yupo aliyetufundisha kutazama, nasi tulimsahau upesi. Flora M'mbugu-Schelling alitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1990 filamu iitwayo *Mikono Hii*, ya dakika arobaini na tano, kuhusu wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, wanaoponda mawe kwa nyundo katika machimbo ya kokoto nje ya Dar es Salaam. Hakuna msimulizi anayekuambia uhuzunike lini. Kuna jiwe, nyundo, mkono, na jua. Mara ya kwanza kuitazama nilisubiri filamu ianze. Baada ya muda nikatambua kwamba ilikwisha kuanza zamani na mimi ndiye nilikuwa sijaanza. Huwezi kuisifu filamu ile ukiwa nje. Hakuna kisa cha kusimuliwa na mwenzako mlangoni. Ama umekaa na wale wanawake kwa dakika arobaini na tano, ama huna la kusema.

Nilipoiona hiyo nilipata haya iliyonipeleka kwa yule msichana. Nilimwomba nakala ya filamu yake, nikaitazama nyumbani mara mbili, mlango umefungwa. Ilikuwa habari ya bibi anayepelekwa hospitali kwa mkokoteni wa maji. Ina makosa: sauti inapotea, na mwanzo ni mrefu. Na niseme kweli ambayo sikutaka kuijua: sina hakika tena kwamba ilistahili kuishinda ile ya mvuvi. Huenda ilistahili, huenda hapana. Waamuzi wawili walikuwa na hoja, na hoja yao ilihusu filamu, nami niliwanyamazisha kwa hoja iliyohusu dunia. Wakati huo huo siwezi kusema kwamba najuta kamera kuingia mikononi mwake, kwa kuwa vijana wale kumi walikuwa na kaka na wajomba wa kuwaazima vyombo, na yeye alipigia filamu yake kwa simu ya kuazima. Mambo yote mawili ni kweli na hayataki kukaa chumba kimoja. Yule kijana sijamtafuta. Kila nikipanga kwenda naona sijui nitaanzia wapi.

Kwa msichana nilikwenda. Nilimkuta barazani kwao anachambua mchele. Nikamwambia, kabla hata sijakaribishwa kukaa, kwamba sehemu iliyonipendeza ni pale mkokoteni unaposimama njiani na bibi anaomba ashushwe, ajitengeneze kilemba chake kabla ya kufika hospitali. Nasi tunamwona kwa nyuma tu, viwiko vyake vikipanda na kushuka.

Akaweka ungo chini.

"Hiyo mzee nilitaka kuikata," akasema. "Ni ndefu mno."

Nikamwambia angeikata angeiua filamu. Akasema hapana, filamu iko pale mlangoni mwa hospitali, nami nikasema pale mlangoni ndipo alipoharakisha. Mama yake akatuletea chai. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi, na mchele wake ukabaki haujachambuliwa.