Hati Safi Haitoshi



Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Lakini daftari nalo lataka mtu wa kulisoma. Basi tujiulize: mkaguzi wa hesabu ni mtumishi wa nani? Wa sheria, wa viongozi wanaomlipa ada, au wa mwanachama?

Sisi wa Songea tumeujua ushirika tangu NGOMAT, chama kikuu cha wakulima wa Ungoni na Umatengo kilichoanza mwaka 1936. Tangu hapo sheria zimebadilika mara nyingi. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu. Mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha, na mwaka huo likaundwa shirika la kukagua vyama vya ushirika, yaani COASCO. Sheria ya mwaka 2013 ikaleta Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ile ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikataka SACCOS ziwe na leseni, na hata vikundi vidogo vya kuweka na kukopa visajiliwe.

Hayo ni mema. Lakini sheria huongeza fomu, ujasiri haiongezi. Mkaguzi akiona stakabadhi ya mbolea ambayo haikufika ghalani, kisha akanyamaza, fomu zote zaweza kuwa zimejazwa vizuri, na mkulima akawa amedhulumiwa. Kwa hiyo nasema mkaguzi ni wa mwanachama kwanza, hata kama ada hupitia mikononi mwa viongozi, kwa sababu fedha ile ni ya mwanachama.

Hata hivyo, si haki kumtwika mkaguzi mzigo wote. Hati safi haisemi kwamba hakuna mwizi. Yasema tu kwamba hesabu, katika mambo makubwa, zaonyesha hali halisi. Naye hakusoma kila karatasi, bali alichagua baadhi. Tuliofundisha vyuo vya ualimu twajua kwamba jibu sahihi peke yake halitoshi. Mwanafunzi huulizwa amelipataje.

Nasi je? Katika mkutano mkuu taarifa husomwa, tunapiga makofi, tunatawanyika. Ukweli uliosemwa mbele ya watu wasiosikiliza haumlindi mtu.

Basi mkutano ujao, kabla ya makofi, mmoja wetu asimame aulize: mwaka jana mkaguzi alitutaka tusahihishe nini, na je, tumesahihisha?