KUHUDHURISHA MOYO

 

Mtu aweza kuingia msikitini wakati wa Isha, akasimama safu ya mbele, akarukuu na kusujudu pamoja na Imamu, kisha akatoka asijue ni sura gani iliyosomwa. Mwili wake ulikuwa msikitini, naye alikuwa dukani akihesabu madeni, au pwani akingoja chombo kilichochelewa. Wala huko pwani hakuwako kweli, maana chombo hakiji upesi kwa kufikiriwa. Basi mahali pote pawili hakuwapo, na saa ile imekwenda, hairudi.

Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 450 wa Hijra (1058), ametaja katika Ihya mambo sita ambayo kwayo Sala huwa hai, na la kwanza ni kuhudhuria moyo. Yaani moyo uwe pale pale ulipo ulimi. Mafakihi wameshurutisha hudhuri hiyo katika takbiri ya kwanza tu, kwa kuwahurumia watu na udhaifu wao. Lakini kusihi kwa Sala ni jambo moja, na thawabu zake ni jambo jingine: katika Hadithi ya Ammar bin Yasir imepokewa kwamba mtu hutoka katika Sala yake hali hakuandikiwa ila sehemu yake ya kumi, au ya tisa, au ya nane, hata kufika nusu. Mwenye duka asingekubali kupunjwa namna hiyo katika pishi moja ya mchele.

Wako wanaolaumu kelele za watoto, na pengine wana haki. Ila Ghazali asema sababu za nje ni nyepesi. Mtu aweza kusali karibu na ukuta, au kuondoa mbele yake kilicho na mapambo. Iliyo nzito ni ya ndani, naye ameipigia mfano wa mtu aliyekaa chini ya mti akitaka kutafakari, na ndege wakamshughulisha kwa sauti zao. Akawafukuza kwa fimbo, wakarudi. Akawafukuza tena, wakarudi tena. Akaambiwa kwamba kazi hiyo haina mwisho, na akitaka kuokoka aukate mti. Mti huo ni matamanio, na shina lake ni kuipenda dunia.

Abu Talha, Ansari wa Madina, aliukata wake. Alikuwa akisali katika shamba lake, ndege akaruka huku na huku akitafuta njia ya kutokea kwa jinsi miti ilivyosongana. Likampendeza hilo, akamfuata kwa jicho, na aliporejea katika Sala yake hakujua amesali raka'a ngapi. Akaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akamweleza, kisha akalitoa shamba zima sadaka.

Haya si kusema kwamba kufikiri ya kesho ni haramu. Nahodha akifikiri siku ya kaskazi kuingia na shehena ya kupakia yumo katika kazi yake, na kufikiri huko ndiko kuhudhuria kwake. Lawama ni kwa yule ambaye kazini awaza nyumbani, na nyumbani mwanawe asema naye asimsikie, kwa kuwa sasa awaza kazi.

Mwenye kutaka kuanza na aanzie kwenye udhu, aoshe kila kiungo akijua kwamba akiosha. Akisimama kusali asikimbilie takbiri. Angoje kidogo mpaka moyo ufike. Nao utakimbia, pengine kabla ya Alhamdu kwisha. Hapo asiugombeze wala asikate tamaa. Aurudishe kwenye neno lililo ulimini, na ukikimbia tena aurudishe tena. Na wasomao baada ya Isha Ratibu ya Habib Abdallah al-Haddad wa Tarim, aliyekufa mwaka 1132 (1720), wayajaribu hayo humo, kwani nyiradi zake nyingi hukaririwa mara tatu, na aliyeikosa ya kwanza aweza kuidiriki ya pili.