Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Methali iliyo kichwa cha makala haya hufundishwa shuleni tangu madarasa ya chini, na aghalabu hufasiriwa kwa njia moja tu: kwamba aliyeshindwa avumilie. Fasiri hiyo si mbaya, lakini ni nusu ya maana. Inamwonya aliyeshindwa, na kumwacha mshindi bila wajibu wowote. Hapa tunakusudia kuuliza swali linalowahusu wote wawili: mshindani wetu ana haki gani juu yetu? Swali hili ni la michezo. Lakini kwa sisi tunaofundisha Kiswahili kati ya Dzaleka na Lilongwe, ni swali la maisha pia.

Tuanze na lugha yenyewe. Kushindana ni kauli ya kutendana ya kitenzi kushinda. Kama kupendana na kusaidiana, ni tendo lisilowezekana kwa mtu mmoja. Timu isiyo na mpinzani haishindi. Inafanya mazoezi tu. Hata hivyo, msomaji makini atatukumbusha kwamba kupigana na kuuana nako ni kutendana. Naam, sarufi peke yake haitoshi. Yatupasa tutafute kinachomtenga mshindani na adui.

Mfano mmoja wa mbali utatusaidia, kwa kuwa ndani yake yumo kijana wa kwetu. Kwa miaka mingi vyuo vikuu vya Syracuse na Connecticut, huko Marekani, vilikuwa mahasimu wa mpira wa kikapu katika ligi ya vyuo iitwayo Big East. Usiku wa tarehe 12 Machi 2009 walikutana jijini New York, katika robo fainali ya mashindano ya kufunga msimu wa ligi hiyo. Upande wa Connecticut alikuwepo Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye mwaka huo alikuwa mmoja wa wawili waliogawana heshima ya mchezaji bora wa ligi. Dakika 40 za kawaida zilikwisha kwa sare ya 71 kwa 71. Mchezaji wa Syracuse alikuwa ametia mpira kikapuni mwishoni kabisa, lakini waamuzi walipotazama picha waliona kuwa ulimtoka mkononi baada ya muda kwisha, nao wakalikataa bao. Ikaongezwa dakika 5, zikaisha sare; zikaongezwa tena na tena, hadi mara sita. Wachezaji kadhaa, Thabeet akiwa mmojawao, walitolewa kwa kutimiza makosa matano. Usiku wa manane ulikwisha pita Syracuse waliposhinda kwa 127 dhidi ya 117.

Je, ushindi ule ulikuwa wa nani? Katika daftari la ligi ni wa Syracuse. Lakini ondoa ukaidi wa Connecticut, na usiku ule unakuwa mchezo wa kawaida usiokumbukwa na mtu. Mshindi alipewa ukubwa wake na yule aliyemshinda. Hii ndiyo haki ya kwanza ya mshindani: tukiri kwamba bila yeye tusingekuwa tulivyo.

Haki ya pili ni marudiano. Uhasama wa vyuo vile haukukatwa na kushindwa kwa upande wowote. Mwaka 2013 Syracuse walihamia ligi nyingine, katika mapinduzi ya ligi yaliyosukumwa na fedha za televisheni, na desturi ya kukutana kila msimu ikavunjika. Pande zote mbili zilipoteza kitu kisichonunuliwa. Hapa tunaona tofauti tuliyoitafuta: adui ni yule tunayetaka asirudi tena, mshindani ni yule tunayemngojea arudi. Kwa hiyo mwisho wa msimu ndio mtihani wa kweli. Jedwali limefungwa, mmoja anashangilia na mwingine analia; lakini wakiweza kuambiana, “Tutaonana mwakani,” walikuwa wanashindana.

Waswahili wameliona jambo hili zamani. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi. Neno hilo halikuokotwa njiani. Katika desturi ya utani baina ya makabila, mtani hukutania hata kukutukana, lakini siku ya msiba yeye ndiye wa kufika na kuhudumu. Kumwita mpinzani mtani ni kumpa nafasi kwenye mazishi yako.

Sasa turudi Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Kambi hii ilianzishwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Wanafunzi wetu ni watoto wa watu waliowahi kuona jirani akigeuka adui. Hatusemi kwamba aliyechomewa nyumba ameshindwa mchezo, wala hatumhubirii asahau. Tunasema kwamba mtoto huyo, akicheza na mtoto wa upande mwingine, akafungwa, kisha kesho akamwita waanze tena, amejifunza jambo ambalo vita vilimnyima mzazi wake.

Lakini marudiano yanahitaji njia. Timu ya Lilongwe ikija Dzaleka huondoka ipendapo. Timu ya Dzaleka huhitaji ruhusa ili itoke kambini. Malawi ilipoingia katika Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka sharti juu ya kifungu cha uhuru wa kwenda na kutoka, na mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi na kuchuma mijini waliamriwa kurudi kambini. Serikali ina hoja zake, nasi si wanasheria. Hata hivyo, anayekuja kwako nawe huwezi kwenda kwake hajawa mshindani wako kamili. Angali mgeni tu.

Ni juu yetu walimu, basi, tuifundishe methali hii kwa ukamilifu wake. Tuwape wanafunzi maneno manne, adui, mpinzani, mshindani na mtani, wayatungie sentensi na kueleza tofauti zake. Na msimu wa michezo ya shule unapokwisha, nahodha aliyeshinda awe wa kwanza kuvuka uwanja, amshukuru mwenzake, na kumwuliza siku ya marudiano.