Uchumba, Nasaba na Nia ya Mja

Mwaka 1983, huko New York, Rabi Joseph Ekstein, baba aliyefiwa na watoto wanne kwa maradhi ya Tay-Sachs, ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wote wawili ilhali wao wenyewe ni wazima, aliasisi jumuiya iitwayo Dor Yeshorim. Nayo huwapima vijana wa Kiyahudi kabla ya posa, ikampa kila mmoja nambari badala ya majibu, hata ikizuka habari ya uchumba nambari mbili hulinganishwa, na wahusika wakaambiwa kama wanafaana au la. Mwaka 2019, Profesa George Church wa Chuo Kikuu cha Harvard alitangaza azma ya kuyatia maarifa kama hayo katika programu za intaneti za kutafutia wachumba, ili wawili wenye dosari moja ya kurithi wasikutanishwe kamwe.

Wako wacha Mungu waonao kwamba kupima ni kuingilia kadari. Siafikiani nao. Mwenye kutawakali hajakatazwa kuuliza. Na katika Tanzania, iliyo miongoni mwa nchi ambamo huzaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, mzazi aliyekesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa hahitaji kuelezwa faida ya kujua mapema kwamba, mume na mke wakiwa wote wamebeba vinasaba vya maradhi hayo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mgonjwa.

Lakini kujua ni jambo moja, na kufichwa ni jingine. Kwa Ekstein, ijapokuwa majibu husitiriwa ili binti asije akanyooshewa kidole, waulizao ni wachumba na jamaa zao, nao huuliza habari ya mtu aliyekwisha kutajwa kwao. Katika mpango wa Church mtambo huhukumu kabla ya salamu, na aliyehukumiwa hana habari. Wachumba waliojua huweza kuachana kwa heri, huweza kuoana wakaridhia kulea yatima, huweza pia kuzaa hali wamejiandaa kwa matibabu. Na kila mojawapo ya njia hizo ni tendo la nia, nayo nia ndiyo mizani ya amali za mja. Aliyeondolewa machoni pa mwenziwe hakupewa hata nafasi ya kunuia.

Ewe msomaji uliye katika uchumba, fuatana na mwenzio hospitali mkapimwe selimundu kabla mahari haijatolewa, na majibu myasome ninyi wawili pamoja.