Mbao za Mimbari Yetu: Je, Tuna Haki ya Kutouliza?



Kamati ya msala wetu hapa Niboye imekusanya michango ya mimbari mpya na rafu za vitabu. Katika kikao, dada mmoja alipendekeza tununue mbao zenye cheti kinachothibitisha kwamba msitu zilikotoka unatunzwa kwa haki. Ndugu mmoja akamjibu: "Mbao ni mbao. Kwani ina nguruwe ndani?" Tulicheka, lakini swali lilibaki. Tunageuza pakiti ya biskuti tukitafuta alama ya halali. Kwa nini mbao tusiiulize chochote?

Cheti kinachojulikana zaidi ni cha FSC, baraza lililoanzishwa mwaka 1993 ambalo sasa makao yake yako Bonn, Ujerumani. Wakaguzi hutazama kama miti inakatwa kwa kiasi, kama sheria za nchi zinafuatwa, na kama haki za wafanyakazi na za wenyeji zinalindwa. Mbao ikipita, hupewa alama ya mti.

Nilikwenda Gakinjiro, Gisozi, kuwauliza maseremala. Waliniambia wateja huuliza bei, huuliza kama mbao imekauka, na kama bungua hawataila. Ilikotoka haiulizwi. Mikaratusi na misonobari ni ya hapa Rwanda. Libuyu inatoka Kongo. Mmoja aliniambia kwamba akiongeza bei kwa ajili ya karatasi, mteja atavuka tu aende kibanda cha pili. Siwezi kumlaumu. Mfanyabiashara hauzi asichoulizwa.

Ndugu yetu wa kikao ana hoja ya kisharia, tusiidharau. Asili ya vitu ni uhalali, na yakini haiondolewi na shaka. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba watu walimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu nyama waliyoletewa, wasijue kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Aliwaambia wao wenyewe walitaje, kisha wale. Hakuwaambia wakamchunguze mchinjaji.

Lakini iko hadithi nyingine, aliyoipokea Imamu Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akakemea udanganyifu. Hapa hakutosheka na sura ya nje.

Hadithi hizi mbili hazipingani. Tasmiya ya mchinjaji ni jambo lililokwisha, liko baina yake na Mola wake, na mnunuzi hana njia ya kulijua. Unyevu wa nafaka unajulikana kwa kutia mkono, na anayedhurika ni mja mwingine. Kwa hiyo wajibu wa kuuliza unakua pale ambapo haki za waja zimo na jibu linaweza kupatikana.

Mbao iko upande gani? Naona ni upande wa nafaka. Mwaka 2014 taasisi ya utafiti ya Chatham House, London, ilikadiria kwamba karibu asilimia 90 ya ukataji miti katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haukuwa halali au haukuwa rasmi. Si kila mbao ya Kongo ni ya wizi, na ukataji usio rasmi mara nyingi ni riziki ya maskini. Lakini palipo na dalili nzito kiasi hicho, dhana njema peke yake haitoshi. Mbao haiwi najisi. Ila huenda ndani yake mna haki ya mtu.

Basi tudai cheti, yamalizike? Hapana. Cheti ni ushahidi, na ushahidi hupimwa kwa uadilifu wa shahidi. Katika mfumo huu, mwenye msitu ndiye anayemlipa mkaguzi. Uganda, mashamba ya miti ya New Forests Company yalikuwa na cheti cha FSC wakati Oxfam ilipotoa ripoti mwaka 2011 kwamba watu zaidi ya 20,000 walisema wamehamishwa katika Mubende na Kiboga ili kuyapisha. Kampuni ilikanusha kuwafukuza kwa nguvu. Baadaye ilifikia makubaliano na wanavijiji, mwaka 2013 kwa Mubende na 2014 kwa Kiboga. Alama ilikuwapo, na malalamiko yalikuwapo.

Hata hivyo tusikitupe. Kilwa, Tanzania, mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti hicho kupitia shirika la MCDI, ikawa misitu ya asili ya kwanza barani Afrika inayosimamiwa na wanavijiji kukipata. Mpingo wao, unaotengenezewa zumari za Ulaya, ukauzwa kwa jina la kijiji chenyewe. Hapo cheti kilimpa sauti mwenye haki.

Rai yangu kwa kamati ni hii. Cheti tusikifanye sharti, maana gharama yake ingemfukuza seremala mdogo kabla ya kumgusa mwizi mkubwa. Ila kuuliza tukufanye sharti: mbao imetoka wapi, na kibali cha kukata kiko wapi? Seremala akiwa na jibu, tununue kwake hata kama bei imezidi kidogo. Akikosa, twende kwenye mikaratusi ambayo shamba lake linajulikana, ijapokuwa haing'ai kama libuyu. Khatibu atasimama juu ya mbao hizo kutuhimiza uadilifu. Si vyema ziwe ndizo za kwanza kumpinga.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.