Mchango wa Hiari

Muhula wa pili mwaka jana, kuanzia Julai hadi Desemba, mpwa wangu alileta nyumbani vikaratasi saba kutoka shuleni. Alikuwa darasa la tano katika shule moja ya serikali huku Kipawa, na dada yangu ana kawaida ya kubandika kila kikaratasi kwenye mlango wa friji iliyokufa zamani, ambayo sasa tunahifadhia unga na mchele. Hadi Novemba mlango ulikuwa umejaa: karatasi za mitihani ya majaribio, jezi za bonanza la michezo, siku ya wazazi, ziara ya Bagamoyo, mahafali ya darasa la saba, ukarabati wa madawati, zawadi za wanafunzi bora. Karibu vyote vilimalizika kwa maneno yaleyale, mara nyingine yamepigiwa mstari: mchango huu ni wa hiari.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, kozi ambayo majirani kila wiki huniuliza inamfanya mtu awe nani. Sina jibu zuri. Lakini vikaratasi vile vilinipa swali zuri kuliko mengi niliyopewa darasani: mchango unaweza kuwa wa hiari kweli, ikiwa anayeombwa ni mama na anayesimama mstarini ni mtoto?

Niseme mapema kwamba muhula ule ulikuwa mzuri. Ukiishi Kipawa unajifunza kunyamaza katikati ya sentensi ndege ikipita, kisha unaendelea ulipoishia. Watoto wa huku wanazijua ndege kwa matumbo yake, wanaweza kukwambia ipi inatua na ipi inaondoka, lakini wengi wao hawajawahi kuvuka mkoa. Shule iliyowapa katika miezi sita bonanza, ngoma, ziara na mahafali imewapa kitu. Walimu walibaki hadi jioni kuwafundisha halaiki, na sikusikia kwamba kuna aliyelipwa kwa hilo. Kwa hiyo siandiki kuwashtaki. Naandika kwa sababu jambo jema likiwa na swali ndani yake, swali hilo halifi kwa kuwa jambo ni jema.

Mazingira yake yanajulikana. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada, na michango ya lazima ilifutwa. Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji. Kiwango cha sera ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu ya chaki, karatasi, matengenezo na ulinzi, uone kinachobaki cha kukodi basi. Mwalimu mkuu anayetaka watoto waone Kaole ana njia mbili tu: aache, au aombe. Na akiomba, kisheria aombe kwa hiari. Kwa hiyo neno hilo kwenye kikaratasi si unafiki. Ndilo neno pekee linalomruhusu kuandika kikaratasi chenyewe.

Hiari ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni uleule uliotupa heri. Kuchagua na jambo jema vimelala kitanda kimoja. Wahenga nao walisema hiari yashinda utumwa, wakimaanisha kwamba kazi ya mtu aliyekubali mwenyewe huizidi kazi ya aliyelazimishwa. Lakini methali haituambii tumjueje aliyekubali mwenyewe. Kwa nje, anayetoa kwa kupenda na anayetoa kwa kubanwa wote wanaingiza mkono mfukoni kwa namna moja.

Aristotle alilishughulikia jambo hili katika kitabu chake cha maadili, kwa mfano ambao mtu yeyote wa pwani atauelewa. Chombo kimekumbwa na dhoruba, nahodha anatupa shehena baharini ili kuokoa watu. Je, ametupa kwa hiari? Hakuna anayependa kutupa mali yake. Lakini mkono uliotupa ni wake, na aliamua akiwa na akili timamu. Aristotle anaviita vitendo vya namna hii mchanganyiko, kisha anasema vinakaribia zaidi hiari, kwa kuwa chanzo cha kitendo kilikuwa ndani ya mtendaji.

Dada yangu ni mama lishe, anauza chakula karibu na Jet. Jezi ya bonanza aliilipia kwa fedha ya mkaa. Siku mbili alipika kwa kuni za kuokoteza, moshi ukiwafukuza wateja. Kwa kipimo cha Aristotle yeye ni nahodha: alitupa shehena, lakini alitupa mwenyewe. Nilimwambia hivyo, kwa lugha rahisi. Akanijibu, “Mdogo wangu, dhoruba hailetwi na mtu. Hii imeletwa na mtu.”

Hapo ndipo nadhani mfano wa nahodha unaishia. Mawimbi hayana nia. Lakini majina yalikuwa yakisomwa asubuhi mstarini, waliolipa upande huu, ambao bado upande ule, na yule aliyeyasoma alijua yatafanya nini. Pengine hakukusudia ubaya. Alitaka tu kujua idadi ya jezi. Hata hivyo mtoto aliyeitwa upande wa “bado” alirudi nyumbani na kitu kizito kuliko kikaratasi. Dada hakutoa kwa sababu aliitaka jezi. Alitoa ili jina la mwanawe lihame upande.

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kunicheka hapa. Sisi ni watu wa michango. Kuna kamati ya harusi, kuna kadi, kuna kundi la WhatsApp ambamo kila jioni mweka hazina anarusha orodha: fulani laki moja, fulani hamsini, fulani ahadi. Hakuna aliyetulazimisha, na hakuna asiyeona aibu jina lake likikaa na ahadi hadi siku ya sendoff. Marcel Mauss, Mfaransa aliyeandika juu ya zawadi mwaka 1925, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi huonekana ya hiari ilhali kwa kweli ni wajibu: wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Angefika Kipawa leo asingehitaji mkalimani. Kwa nini basi tulalamikie shule kwa kufanya kile ambacho sote tunafanya?

Nimelifikiria pingamizi hili kwa muda mrefu, kwa kuwa lina nguvu. Nadhani tofauti ziko mbili. Ya kwanza, mchango wa harusi unazunguka. Leo kwangu, kesho kwako. Ninayekuchangia nina dada wa kuozwa. Aibu yake ni aibu ya mtu aliye ndani ya mzunguko. Ya pili ni nzito zaidi: katika harusi, anayeombwa na anayeaibika ni mtu mmoja. Nikishindwa kutoa, jina langu ndilo linalokaa pale, nami ni mtu mzima, naweza kueleza, kukopa, kutokwenda, hata kujitoa kwenye kundi usiku wa manane. Mtoto hana mfuko, hana deni, hana mlango wa kutokea. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka awe shuleni, apende asipende. Kumsomea jina ni kumdai asiyekopa.

Kutoka hapo napata kipimo kimoja ambacho naona kinasimama. Mchango ni wa hiari pale tu ambapo gharama ya kukataa haimwangukii mtu mwingine asiye na uwezo wa kuamua. Nikikataa, niumie mimi. Akiumia mwanangu, basi nimebanwa, hata kama kikaratasi kina mistari miwili chini ya neno hiari.

Wapo watakaosema: basi futeni yote. Kama si wote wanaoweza, asiende yeyote. Nalielewa jibu hili, lakini silikubali. Watoto wa shule za kulipia wataiona Bagamoyo hata iweje. Wataona misikiti na makaburi ya Kaole, watasimulia kwamba mji ule uliwahi kuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hayajahamia Dar es Salaam. Usawa wa kuwanyima wote unawaacha wenye nacho walipo, na kuziba tundu pekee ambalo mtoto wa muuza chakula angechungulia. Huo ni usawa wa karatasini.

Wengine watasema: fanyeni siri. Kila mzazi atoe alichonacho, asijue mtu nani katoa nini, shule ipange shughuli kulingana na kilichopatikana. Hili nalipenda, na lina mfano mkubwa. Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na watahiniwa bora. Unaweza kubishana kuhusu uamuzi huo, lakini unakubali jambo moja: kusoma orodha mbele ya watu ni kitendo, kina matokeo yake, na kinaweza kuachwa bila elimu kusimama. Najua siri italeta wajanja, watu wenye gari watakaotumbukiza shilingi elfu moja. Na wawepo. Afadhali wajanja kumi wapande bure kuliko mtoto mmoja abaki akiangalia vumbi la basi.

Nilipomweleza dada mpango huu nilitegemea angefurahi. Alikunja uso. “Sitaki mwanangu asafiri kwa huruma ya watu nisiowajua,” alisema. “Nikitoa, nataka ijulikane nimetoa.”

Sikuwa nimeona upande huo. Siri inamkinga maskini na aibu, lakini inamnyang'anya pia heshima ya kutoa. Na kutoa si anasa ya matajiri. Mtu ambaye kila siku anahesabiwa miongoni mwa wanaosaidiwa ana haki ya siku moja kuhesabiwa miongoni mwa waliosaidia. Nikitetea utu wa dada yangu kwa kumficha, nimemtetea nusu.

Alichofanya yeye kilikuwa rahisi kuliko falsafa yangu. Kwenye mkutano wa wazazi wa Septemba, zamu yake ilipofika, alisema hana fedha ya mahafali ila ana masufuria matatu makubwa na mikono miwili, na kwamba pilau ya wageni ataipika yeye shule ikimpa mchele. Pakawa na kimya kidogo. Mjumbe mmoja wa kamati akauliza hilo litaandikwaje kwenye daftari, kwa kuwa daftari lina safu ya kiasi tu. Baba mmoja fundi seremala akasema kama ni hivyo, yeye atatengeneza madawati, waache kumwandikia elfu kumi ambayo hana. Mwalimu mmoja akachukua kalamu na kuandika pembeni, nje ya mstari. Hakuna lililokuwa jipya. Msaragambo ni wa zamani kuliko shule zetu, na Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule iwe sehemu ya jamii inayofanya kazi, siyo kisiwa. Tulibadilisha mikono kuwa fedha, halafu tukashangaa wenye mikono wanaonekana hawana kitu.

Lakini pilau haikodi basi. Ziara ya Bagamoyo ilihitaji fedha taslimu, shilingi 25,000 kwa mtoto, na hapo hakuna aliyepata ufumbuzi. Dada aliziweka kidogokidogo, mpwa wangu akaenda. Mwenzake anayekaa naye dawati moja hakwenda. Jumatatu iliyofuata nilimsikia mpwa wangu akimsimulia huyo mwenzake nje ya geti letu. Kwamba safari ilikuwa ndefu, jua kali, basi lilinuka mafuta, magofu ni mawe tu. Nyumbani alikuwa ametusimulia bahari kwa saa nzima. Baadaye nikamuuliza kwa nini amesema vile. “Anko,” alisema, “si ataumia?”

Nimejifunza darasani kwamba uongo una kesi ngumu, kwamba Kant hakuukubali hata kwa kumwokoa rafiki. Sikumkaripia mtoto, wala sikumsifu. Lakini nilielewa kwamba ameona jambo ambalo mkutano mzima wa wazazi haukulitaja: kilichomuuma mwenzake siyo Bagamoyo, bali kuwa yeye ndiye asiyekuwepo. Akatoa furaha yake ili kupunguza pengo hilo. Hakuna aliyemwomba, hakuna aliyemwandika popote, na hakuna ambaye angeumia kama asingetoa ila yule aliyetaka kumlinda.

Sidhani ni haki kuwaachia watoto kazi hii. Mtoto wa miaka kumi na moja asilazimike kusema uongo ili kurekebisha hesabu ya watu wazima. Mwaka huu ratiba nyingine itatoka, na nakusudia kwenda kwenye mkutano pamoja na dada kuomba jambo moja dogo. Kabla ya kuuliza kila mzazi atatoa kiasi gani, tuulize kwanza watoto ni wangapi. Kisha tuhesabu tulichonacho, fedha, masufuria na mikono, na tuone idadi hiyo yote inaweza kufika wapi. Kama ni Bagamoyo, twende Bagamoyo. Kama fedha inaishia Makumbusho ya Taifa, siyo mbali na baharini, twende huko, wote, na watoto wakirudi wasimuliane ukweli.