Wito wa Mmoja, Safari ya Nyumba Nzima

Mtu akiacha kwao kwenda kufundisha dini ugenini, akasema ameitwa na Mungu, twamsifu kwa kujitoa. Sina ugomvi na sifa hiyo. Swali langu ni juu ya wale wanaofuatana naye: mke, na watoto ambao sauti ile hawakuisikia. Je, mtu ana haki ya kutoa sadaka kitu kisichokuwa chake peke yake?

Kusini hapa swali hili ni la zamani. Misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa jina la UMCA, ambayo mbegu yake ni hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, ilijaribu kulikata kwa panga. Watenda kazi wake kutoka Ulaya walikuja bila mwenzi wala mshahara, wakapewa posho ndogo tu; aliyetaka kuoa, kwa kawaida aliiacha kazi. Sababu zao zilikuwa na uzito. Askofu Mackenzie, kiongozi wa msafara wao wa kwanza, alifika bonde la mto Shire mwaka 1861, na Januari 1862 alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Asiye na mtoto haachi yatima.

Lakini tumtazame Edward Steere. Yeye alikuwa ameoa. Alifika Zanzibar mwaka 1864, akawa askofu mwaka 1874, akafia huko mwaka 1882. Wengi wetu tunaosoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini tuna deni kwake: aliandika kitabu cha kuifundisha lugha hii, akakusanya hadithi za Waunguja, akatafsiri Agano Jipya, na kanisa la Mkunazini alilijenga pale palipokuwa soko la watumwa. Mkewe Mary alibaki Uingereza. Kazi ile iligharimu watu wawili, lakini sifa imeandikwa jina la mmoja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyelibeba ndiye ajuaye uzito wake.

Mwaka 1876 Steere huyo huyo alitoka Lindi kwenda bara na kundi la watumwa walioachwa huru, na wengi wao wakaanzisha kijiji Masasi. Wazungu waliokaa nao hawakuwa na watoto pale, bali wanakijiji walikuwa nao. Septemba 1882 Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, walikivamia kijiji. Wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja. Hapo naona kwamba ujane wa mwalimu haukuiondoa gharama ya wito juu ya vichwa vya watoto. Uliihamishia kwa watoto wa watu wengine.

Basi, tuseme ni heri mwalimu aje na nyumba yake? Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyeuzwa utumwani, akaokolewa, akasomeshwa Kiungani, Zanzibar, kisha chuo cha Mtakatifu Augustino huko Canterbury. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, upande wa Newala, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo. Yeye alikwenda na mkewe Lucy, aliyesomeshwa Mbweni. Walikaa huko hadi mwaka 1897. Kwa Majaliwa Uyaoni palikuwa asili yake. Kwa mtu aliyelelewa Unguja palikuwa ugenini kabisa.

Mimi nimefundisha walimu maisha yangu yote, na nasadiki kwamba nyumba kama ile yafundisha kuliko mimbari. Mahubiri humfikia aliyekuja kuyasikiliza. Lakini namna mume anavyosema na mkewe, namna mtoto anavyokanywa, chakula kinavyogawanywa mgeni akibisha hodi, hayo jirani huyaona bila kualikwa. Ila ikiwa nyumba yenyewe ndiyo somo, basi mke na watoto ni walimu, wala si mizigo ya safari. Na mwalimu huulizwa kabla ya kupangiwa kazi.

Jirani zangu hapa Sudi wengi ni Waislamu, na wao ndio walionifungua macho kwa kisa cha Nabii Ibrahimu. Katika kitabu cha Mwanzo, Abrahamu anaitwa, anaondoka na Sara, wala hatuambiwi kama Sara aliulizwa. Katika masimulizi wanayoyashika jirani zangu, Bi Hajar, alipoachwa na mtoto mchanga katika bonde kavu la Makka, alimwuliza mumewe kama ni Mungu aliyemwamuru hivyo. Alipojibiwa ndiyo, alikubali kubaki. Na katika Kurani Ibrahimu, kabla ya kumlaza mwanawe achinjwe, anamweleza ndoto yake na kutaka ajue kijana mwenyewe aonaje. Amri ilikuwa ya Mungu, na bado aliuliza. Kuulizwa hakukupunguza ukali wa jambo. Kulimfanya mwana awe mtoaji pamoja na baba yake, badala ya kuwa kitu kinachotolewa.

Mtu ataniambia kwamba mtoto wa miaka mitatu hawezi kuulizwa. Kweli. Lakini tusichokiomba kwa mwenyewe tumekikopa, na mkopo hulipwa. Mzazi na kanisa lililomtuma wanadaiwa na mtoto huyo shule, dawa, ndugu wa kumjua kwa sura, na ruhusa ya kushika njia yake mwenyewe akikua, hata kama si njia ya madhabahu. Wengi hupata ugenini lugha ya pili na moyo mpana, nami nafurahi. Lakini faida aipatayo mtoto baadaye haifuti deni la kumwamulia leo.

Kwa hiyo siwasifu wajane kuliko waliooa, wala waliooa kuliko wajane. Kipimo changu ni kimoja: je, walioubeba mzigo waliulizwa, na je, wanahesabiwa? Chuo cha dini au cha ualimu kinapomtuma mtu mbali, barua huandikwa jina lake peke yake. Na aiweke barua hiyo mezani, aisome kwa sauti mbele ya watu wake wote, kisha anyamaze, awasikilize.